Kwa Nini Kichwa Kina Miiba

Kabla kichwa cha binadamu hakijaota miiba, nyuzi za ubongo zilikuwa laini tupu, wala hapana jambo lililonasa humo. Asiyekuwapo machoni na moyoni hayupo: siku hizo haukuwa msemo, yalikuwa ndiyo maisha yenyewe. Miguu ilijua njia ya nyumbani na mikono ilijua jembe, lakini mume akiingia ndani, mke aliyebaki uani hakuwa na mume tena mpaka atoke.

Siku moja Namkunda, mke wa Mbwambo, alimlaza mwanawe mchanga, Sengondo, kivulini kando ya shamba, akalima. Alipochoka, miguu ikamrudisha nyumbani. Akabandika chungu. Mara maziwa yakaanza kumtoka, yakalowesha nguo yake kifuani.

"Maziwa hayo ya nani, mke wangu?" Mbwambo akauliza.

"Sijui."

Wakatazamana. Walijua kuna kitu kimepungua pale nyumbani, ila hawakujua ni nini, na hakuna hofu mbaya kama hiyo.

Upande wa shamba fisi akacheka. Namkunda akatoka mbio asijue anakimbilia wapi, akaparamia kichaka cha migunga. Pale kwenye mwiba kilining'inia kipande cha mbeleko, kilichochanika asubuhi alipopita. Akakigusa, akapiga yowe: "Mwanangu!" Akakichomoa na kukifumbata, maana alijua akikidondosha tu, mtoto atapotea mara ya pili.

Alimkuta fisi amesimama juu ya mtoto, udenda ukimdondokea usoni. Namkunda akamrushia bonge la udongo, akapiga kelele hadi sauti ikamkauka. Fisi akaenda zake polepole, akigeuka nyuma.

Namkunda hakumweka tena mtoto chini. Akamlilia Muumba ampandie binadamu miiba kichwani.

"Mwiba hauchagui," Muumba akamwonya. "Utamnasa mtoto, utamnasa na fisi."

"Panda tu."

Na tangu siku hiyo nyuzi za ubongo zina miiba. Wataalamu huiona kwa hadubini, mingine minene yenye vichwa, mingine myembamba, wakakaa kutwa nzima wakiihesabu. Mwiba unaoguswa mara kwa mara hunenepa; uliotelekezwa hukonda, ukadondoka. Watoto wanayo tele. Uzeeni hupukutika.

Namkunda naye alizeeka. Akalisahau shamba, akamsahau hata Mbwambo aliyekwisha kufa. Sengondo, mwenye mvi sasa, akaogopa sana, kwa kuwa aliona zamu yake ya kusahauliwa inakuja. Basi kila asubuhi alikwenda kuugusa mwiba wake kichwani mwa mama usije ukadondoka, na ndiyo maana hadi leo mtu akimwamkia mzazi wake mzee hutaja jina lake mwenyewe, hata kama hajaulizwa.

"Shikamoo mama. Ni mimi, Sengondo."

"Marahaba, mwanangu. Fisi ameondoka?"

"Ameondoka, mama."

"Nibebe, basi, asije akarudi," mama alisema, na huku mikono yake ndiyo iliyomkumbatia mwanawe.