Namwinga na Ndoana za Pembe

Ukikunja pembe, ishike mpaka ipoe. Methali hii mmeisikia jana mnadani kwa yule muuza samaki, na leo mmekuja mbio kuniuliza imetoka wapi, kana kwamba mimi ndiye niliyeizaa. Haya, kaeni. Wewe Atupele, weka hiyo simu chini. Chanzo cha msemo huu nitawaeleza kama nilivyoelezwa na mama mkwe wangu, ambaye alikuwa mchoyo wa kila kitu isipokuwa maneno.

Zamani hizo huku ziwani hapakuwa na ndoana za dukani. Chuma kilikuwa kidogo, na chote kilikwenda kwenye majembe na mikuki. Ndoana zilitengenezwa kwa pembe ya nyati, na fundi aliyesifika pande zote hizi alikuwa mzee mmoja, Sikana. Ndoana yake ilimvuta kambale mkubwa kama mtoto wa kutambaa bila kunyooka. Mwenyewe alikuwa mkimya, tena hakupenda mtu amsogelee akiwa kazini.

Katika kijiji chake aliishi mwanamke aitwaye Namwinga pamoja na watoto wake na mdogo wake wa kiume, Malema. Wazazi wao walikuwa wamekwisha kufa. Namwinga alikuwa mtu wa maswali. Akikuona unasuka kamba, atakuuliza mbona unaanzia kushoto. Akifika msibani, atauliza marehemu alikula nini mara ya mwisho. Watu walimchoka, lakini hawakumchukia.

Malema naye alikuwa na mkono mrefu. Alfajiri aliwatangulia wenzake kwenye migono yao, yale matenga ya fito ya kutegea samaki, akaimimina kwenye mtumbwi wake na kuirudisha majini mitupu. Enzi hizo kuiba mgononi kulikuwa kosa zito kuliko kuiba ghalani, maana ghala lina mlango na mbwa, lakini mgono unalindwa na heshima tu.

Siku moja mzee Simkoko alimkamata. Mila ya kosa la kwanza ilikuwa hivi: mkosaji hupiga magoti majini mbele ya watu wote, akanywa maji ya ziwa kutoka kiganjani mwa kila aliyemwibia, na neno likaishia hapo. Malema akapiga magoti, akanywa, akalia. Machozi yalikuwa ya kweli, hata Simkoko akafuta macho. Pombe ikanywewa, ngoma ikachezwa, na kesho yake kila mtu akarudi kwenye shughuli zake. Namwinga pia, msije mkamfanya malaika. Alikwenda shambani kwake akiimba.

Mwezi haukuisha, Malema akakutwa tena na mgono mkononi. Na mgono wenyewe ulikuwa wa Simkoko yuleyule.

Kosa la pili halikuwa na maji ya kunywa. Mwizi wa mgono alivushwa milima, akaachwa ugenini kusikojulikana, na jina lake halikutajwa tena kijijini. Wazee wakakata shauri kwamba Malema ataondoka kesho kutwa. Namwinga aliona aibu, kisha hasira, kisha hofu, kwa kuwa huyo ndiye ndugu pekee aliyekuwa amebaki naye duniani.

Akachukua kuku mmoja, akaenda kwa Sikana. Aliwaza kwamba, kama ndugu yake ni wa kutupwa, basi atupwe na ndoana nzuri, asife njaa huko aendako.

Sikana akapokea kuku na kuanza kazi. Pembe ilikuwa imelowekwa mpaka mfupa wa ndani ukachomoka, ikapasuliwa vijiti vyembamba, navyo vilikuwa vikichemka chunguni. Akatoa kimoja kwa vibanio, akakikunja kwenye kigingi cha mti mgumu, akakibana kwa kipande cha ngozi. Kisha akatulia tu, macho chini.

Namwinga akavumilia kidogo, akashindwa. "Baba, umelala?"

"Nafanya kazi."

"Kazi gani? Si umeshaikunja?"

"Bado."

"Mbona naona imekunjika?"

"Hata mimi naona," akasema Sikana, na hakuiachia.

Namwinga akaomba ajaribu. Akatoa kijiti chunguni, akakikunja kwenye kigingi kingine, kikaja vizuri kabisa. Akakiweka mkekani, akachukua cha pili. Alipogeuka kutazama, kile cha kwanza kilikuwa kimejinyoosha kama hakijawahi kupita jikoni.

"Pembe hii mbovu," akasema.

"Pembe ni nzima, mwanangu. Na umeikunja vizuri kuliko mimi. Ila umeiachia ingali na moto. Pembe ikiachiwa na moto wake hurudi ilivyoota."

"Na nikiitumbukiza kwenye maji baridi?"

"Nje itapoa, ndani itabaki na moto. Wewe utaona ndoana, kambale ataona fimbo."

"Sasa wewe unafanyaje?"

"Naishika."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ipoe. Sijui njia nyingine. Na vidole vinauma, usidhani haviumi."

Namwinga akanyamaza. Sikana akainua macho kumtazama, maana tangu amjue hakuwahi kumsikia akinyamaza. Mara Namwinga akasimama, akaziacha ndoana na kuku, akaenda moja kwa moja mpaka walipoketi wazee.

"Wazee wangu, nina swali," akasema.

"Tulijua," akajibu Simkoko.

"Siku ile Malema alipokunywa maji, mlimwona amebadilika?"

"Tulimwona. Ndiyo maana tulicheza ngoma."

"Na kesho yake, nani alikwenda naye ziwani? Nani alimpitia hata kumjulia hali?"

Namwinga akaendelea. "Hata mimi sikwenda, na tulizaliwa tumbo moja. Tulimkunja siku moja, tukamwachia angali na moto. Nipeni mimi nimshike. Akiiba tena, tufukuzeni wote wawili, mimi na watoto wangu."

"Utamshika mpaka lini?" akauliza Simkoko.

"Mpaka apoe."

Wazee wakakubali, kwa shingo upande. Tangu hapo Namwinga akawa anaingia mtumbwini na Malema kila alfajiri, mvua ije isije. Wanawake wenzake wakamcheka kwamba amekuwa mke wa ndugu yake. Malema mwenyewe alichukia. Kuna asubuhi alimtukana tangu ufukweni hadi katikati ya maji. Siku nyingine alimbembeleza: "Dada, nimeshapona, niachie." Namwinga akamtazama na kumwambia, "Nje umepoa." Kisha akashika kafi, akapiga maji. Na alichoka, watoto wangu. Mashamba yake yaliota magugu mwaka ule, na kuna siku alilia akijuta kwa nini alifungua mdomo mbele ya wazee.

Masika yalipokwisha, homa ikamwangusha. Alfajiri hakuweza hata kuinua kichwa. Akamsikia Malema akibeba kafi na kutoka peke yake. Namwinga akalala pale akitetemeka, hajui kama ni homa au ni woga. Jua lilipopanda, akasikia sauti ya Simkoko uani ikibisha hodi, akajua yamekwisha. Akawaita watoto wake na kuwaambia wakunje mikeka.

Simkoko akaingia. Mkononi alikuwa na kambale mnono.

"Kamba ya mgono wangu ilikatika, ukachukuliwa na maji," akasema. "Ndugu yako ameuona kwenye matete, akaniletea umejaa vilevile. Huyu ni wako, upate supu."

Namwinga akaangua kilio. Alilia mpaka watoto wakaogopa. Alipopata sauti, akauliza swali moja tu. "Alijua kwamba hakuna anayemwona?"

"Alijua," akasema Simkoko. "Alikuwa peke yake na ziwa."

Tangu mwaka ule, mkosaji alipoletwa kunywa maji kiganjani, wazee hawakuuliza tena kama amejuta. Machozi walikwisha kuyaona. Waliwageukia ndugu na majirani waliosimama ufukweni, wakauliza, "Nani atamshika?" Asipojitokeza mtu, ngoma haikupigwa.

Ukikunja pembe, ishike mpaka ipoe.