Neno Lililopoteza Kivuko

"Mkalimani wa ndugu ndiye mrithi wao." Nimeisema mara moja tu, redio ilipotangaza kwamba mawaziri wetu na wa nchi jirani wamepanda ndege kwenda Ulaya kupatanishwa juu ya mpaka, na ninyi mmeshaacha kuchagua mchele mnanitumbulia macho. Wande anauliza mkalimani atawarithije watu wasio wa ukoo wake. Swali zuri, mjukuu wangu. Endeleeni kutoa mawe, maana nimebakiwa na meno machache, nami nitawaeleza methali hii ilizaliwa wapi.

Zamani, kabla mto wetu haujafanywa mpaka, ulikuwa na miji miwili. Ng'ambo hii ilikuwa Bugale, bondeni, mji wa Mtemi Lugoye wa ukoo wetu. Ng'ambo ile ilikuwa Mwisoli, juu ya mlima, mji wa Mtemi Kasendo. Mababu zao walitoka tumbo moja, tena Kasendo alikuwa amemwoa Nyamizi, dada yake Lugoye. Lugha zao zilipishana kidogo tu. Huku walisema "leta", kule wakasema "reta". Sokoni wanawake waliuziana mihogo, wakatukanana, wakapatana, wala hakuna aliyetafuta mkalimani.

Barazani mambo yalikuwa mengine. Kila mtemi aliona kwamba akimjibu mwenzake moja kwa moja, amekubali kuwa lugha ya mwenzake ndiyo kubwa. Basi wakaweka desturi: kila mmoja aseme kwa lugha yake, mkalimani ageuze, na neno lisilopita kinywani mwa mkalimani lihesabiwe halikusemwa. Upuuzi mtupu, lakini watu wazima na ndevu zao waliuita heshima. Mkalimani alikuwa Kitwana, mchuuzi wa chumvi aliyetoka mbali. Walimpenda kwa sababu hakuwa wa upande wowote.

Mwaka mmoja, mtama ulipoanza kukomaa, zikaja habari za wavamizi wenye bunduki. Walikuwa wameteketeza miji ya kaskazini na sasa walikuwa wakishuka upande wa Mwisoli. Mlima wa Mwisoli ulikuwa mgumu kuupanda, kwa hiyo kila mtu alijua wangeupita, wavuke kivukoni, waiangukie Bugale iliyo wazi. Watemi wakakutana kivukoni.

Kasendo alikuja na nia njema, hilo sina shaka nalo. Alijua wanaume wa Bugale watakuwa shambani wakivuna. Akasema, "Mwambie shemeji yangu, mimi na watu wangu tutakishika kivuko mpaka amalize kuvuna."

Sasa sikilizeni. Huko Mwisoli kushika kulikuwa ni kulinda. Hapa Bugale kushika kulikuwa ni kunyang'anya. Hata katika Kiswahili chetu polisi humshika mwizi, na mama humshika mtoto. Lugoye alilisikia neno kwa masikio yake mwenyewe, akakunja uso, akamgeukia Kitwana.

Kitwana alizijua maana zote mbili. Akasema, "Mtemi, anasema watakitwaa kivuko mpaka umalize kuvuna."

Hakusema uongo, wajukuu zangu. Alichagua tu.

Lugoye akasimama. "Mwambie akikikanyaga kivuko, amekanyaga kaburi la baba yangu!"

Hilo Kitwana alilifikisha lilivyo, bila kupunguza. Mikuki ikaanza kuinuliwa. Hapo Kitwana akapiga magoti katikati yao, mpole kweli kweli, akasema, "Waheshimiwa, ya nini kumwaga damu? Kama hamwaminiani, kikabidhini kivuko kwa mtu wa kati." Watemi wakashusha pumzi. Kila mmoja alifurahi kwamba mwenzake hakukipata. Kivuko akapewa Kitwana, akaleta walinzi wake.

Kasendo alirudi nyumbani amefura. Akamwambia mkewe, "Nimemwahidi kaka yako ulinzi, naye ananitolea matusi!"

Nyamizi akamwuliza alitumia neno gani. Alipoambiwa, akashika kichwa. "Baba wee! Kwetu hilo ni neno la wezi. Niache nivuke sasa hivi nikamweleze kaka."

"Neno la baraza halitengenezwi jikoni," akasema Kasendo. "Tutakutana tena baada ya mavuno. Mkalimani atamweleza."

Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo. Mto ule mwanamke angeuvuka na kurudi kabla maharage hayajaiva.

Wavamizi walifika kabla ya mavuno kwisha. Walipofika kivukoni Kitwana hakuwazuia. Alisema, "Mimi ni mtu wa kati, sina adui," akawaonyesha mahali maji yalipokuwa machache. Bugale ikaungua pamoja na maghala yake. Wengi walikufa mashambani, mundu mkononi. Walipoondoka wavamizi, Lugoye na waliobaki wakakimbilia mtoni wavuke kwenda kwa shemeji, lakini walinzi wa Kitwana wakawazuia wasubiri ruhusa. Ng'ambo ya pili Kasendo alikuwa ameshuka na watu wake, amechelewa, naye amezuiwa vilevile.

Ndipo watemi wale wawili wakasemeshana wenyewe, kwa mara ya kwanza, wakipayukia juu ya maji.

"Shemeji!" akaita Lugoye. "Si ulitaka kukishika kivuko? Mbona hukukishika?"

"Ulinikataza! Nilisema nitakishika, nikulinde!"

"Kukishika ni kukilinda?"

"Kwetu mtoto hushikwa! Mzee hushikwa mkono! Wewe ulielewa nini?"

Lugoye akakaa chini kwenye matope. Akalia mbele ya watu wake, na Kasendo naye akalia, na baina yao walinzi wa Kitwana walikuwa wakipanga watu foleni.

Nyamizi alikuwa amesimama kando ya mumewe. Akasema, na pande zote mbili zikamwelewa bila kugeuziwa, "Nimezaliwa kule, nimeolewa huku. Mlikuwa na mimi. Mkamtafuta asiye na uchungu wa kokote. Haya, mtazameni. Mkalimani wa ndugu ndiye mrithi wao."

Na kweli alirithi. Kivuko hakikurudi kwa Bugale wala Mwisoli. Walipokuja wageni wenye ramani kuuliza mwenye mto ni nani, alijitokeza mjukuu wa Kitwana, na mstari wao ukapita pale pale. Ndiyo maana leo, nawe Limi mjukuu wangu, ukitaka kumzika shangazi yako ng'ambo unaonyesha pasipoti.

Redio inasema mazungumzo yanaendelea vizuri, na mpatanishi amependekeza daraja lililojengwa pale kivukoni liwe chini ya uangalizi wake kwa muda, mpaka ndugu waaminiane. Wanasema "kwa muda". Mawaziri wenyewe, nasikia, walisoma darasa moja. Usiku wangeweza kugongeana mlango hotelini.

Zima redio, Wande. Mchele umeshatakata. Umeniuliza mkalimani anarithije. Sasa niambie wewe.

"Mkalimani wa ndugu, Bibi," akasema Wande polepole, "ndiye mrithi wao."