Harufu ya Chai Iliyovuka Ua

Hii usiisome ukaifuta. Ukimaliza, mtumie yule jirani ambaye hamsalimiani. Unamjua.

Palikuwa na bibi mmoja, Chausiku, aliyekaa na mwanawe Athumani na mkewe Athumani, Mwanaidi. Nyuma ya nyumba, pale maji ya bafuni yanapotokea, bibi alipanda mchaichai. Ukashiba maji, ukafura, ukawa kichaka.

Kila alasiri alipika chai. Si hii ya kuchovya kijipakiti kwa uzi, la. Alikata majani mabichi, akayafunga fundo, akaponda tangawizi na maganda yake, akavitia kwenye maji yanayochemka pamoja na iliki. Mwisho kabisa, akiepua, alitia kitawi cha mrehani na kufunika. Chai hii haiachwi wazi. Harufu ikikimbia, umekunywa maji ya moto.

Lakini kabla ya kuepua alifunua kifuniko kidogo, makusudi. Harufu ikapanda, ikavuka ua wa makuti. Huo ndio ulikuwa mwito wake. Majirani wakaja, huyu na kikombe, huyu na mtoto mgongoni. Wakanywa, wakasengenya kidogo, wakakata majani ya kwenda nayo. Aliyetaka shina aling'olewa chipukizi akapande kwake.

Mwanaidi roho ikamuuma.

"Mama, hawa watu wanatumalizia mchaichai."

"Mchaichai haumalizwi kwa kukatwa, mkwe wangu. Unamalizwa kwa kuachwa."

"Hawafuati chai hawa. Wanakuja kuchungulia tunakula nini."

"Waache wachungulie. Siku nisipoonekana, nani ataniulizia? Wewe unayeshinda nje?"

Mwanaidi akahamia kwa mumewe. Athumani ni wale wanaume ambao mke akikohoa, wao ndio wanaotema. Ua wa makuti ukang'olewa, ukajengwa wa mabati, mrefu kumpita mtu, na mlango wenye komeo.

Alasiri ya kwanza Bi Somoe, jirani wa ubavuni, alikuja na kikombe chake kama kawaida. Mwanaidi akamjibu kupitia upenyo wa mlango.

"Bi Somoe, kwenu maji hayachemki? Hapa si mgahawa."

"Nimefuata harufu, mwanangu. Mama yako kaniita."

"Basi kuanzia leo ukisikia harufu, ziba pua."

Bi Somoe akageuka na kikombe kitupu. Jua halijazama, mtaa mzima umeshajua. Hakuna aliyebisha hodi tena pale.

Bi Chausiku hakugombana na mtu. Akapika chai ya kikombe kimoja, na bado akafunua kifuniko. Mchaichai nao, kwa kukosa wa kuukata, majani yakakauka kuanzia chini, yakabaki mabichi ya kikombe kimoja tu, ukawa kama kichwa kisichochanwa.

Siku moja Athumani na mkewe walikwenda harusini, kijiji cha pili.

"Mama, komea mlango. Usimfungulie mtu," Mwanaidi akaagiza.

Bibi akakomea. Alasiri akateleka chai yake, akaifunua kidogo, kisha akatoka nyuma kuchuma mrehani. Pale kwenye mawe ya bafuni, penye utelezi, mguu ukamponyoka. Nyonga ikavunjika. Akaita. Sauti ya mtu mzima ina nguvu gani ya kupasua bati? Jikoni chai ikachemka, ikakauka, ikaanza kuungua.

Wenyewe waliporudi kesho yake jioni, walibisha hata wakachoka. Athumani akaruka ua. Akakuta sufuria nyeusi tii, na mama yake kando ya mchaichai, amekwisha kupoa. Kitawi cha mrehani kilikuwa bado mkononi.

Msibani Mwanaidi alilia mpaka akashikwa na watu wawili. Alipomwona Bi Somoe akamrukia.

"Bi Somoe, bati moja tu limetutenga! Kweli hukumsikia mama akiita?"

"Sauti sikuisikia."

"Hukusikia chochote?"

"Nilisikia harufu. Kwanza ile nzuri. Kisha ya kuungua, ikakaa muda mrefu."

"Sasa mbona hukuja?"

Bi Somoe akamtazama.

"Niliziba pua."

Watu wakainamisha vichwa. Na Bi Somoe naye asidhani alishinda. Chai ya yule marehemu ameinywa miaka, akashindwa kumeza neno moja la mkwe. Alilijua hilo, ndiyo maana hakuongeza jingine. Alijifunika kanga usoni, akaenda kukaa na wanaomenya vitunguu.

Siku ile ya matanga ilipikwa chai ya mchaichai, sufuria kubwa. Mwanaidi alitaka yakatwe majani ya pale nyumbani, yakakutwa makavu, hayanukii. Wanawake wakaleta ya kwao, kila mmoja fungu lake, yote ni watoto wa shina la Bi Chausiku. Nyumba nzima ikanukia kama alasiri za zamani.

Mwanaidi akapewa kikombe. Akakishika mpaka kikapoa. Hakuna aliyekaa karibu naye.

Funzo: Ukimfukuza jirani kwa sababu ya majani, usimtafute siku sufuria inapoungua. Na wewe uliyefukuzwa, ukisikia kitu kinaungua, nenda kwanza. Kununa utanuna baadaye.