Aliyekata Pua Asilaumu Mto

Aliyekata pua asilaumu mto. Jana mkutanoni mama mmoja alimrushia maneno haya diwani aliyefukia mtaro wetu kisha akalia na mvua. Mlicheka, mkaniuliza yametoka wapi. Kaeni niwaambie, maana waliohusika wangependa tusahau, na mimi sisahau.

Enzi hizo mashindano ya magari yalipita huku kwetu Taita kila masika. Wageni walikuja na magari mapya. Sisi tulikuwa na Mwandawiro na gari lake kuukuu, dada yake Wakesho kando akimsomea njia. Kwa kuwa mito yetu hufurika, Mwandawiro alifunga bomba kutoka kwenye injini hadi juu ya paa, injini ivute hewa huko juu isinywe maji. Tuliliita pua. Kwa pua hiyo alivuka mito yote akawa wa pili. Mwaka uliofuata tulijua kombe linakuja kwetu, na mwenyeji hakuwa amelishika hata mara moja.

Asubuhi ya mashindano, mkaguzi mkuu, Bwana Halden, alilizunguka gari.

"Bomba hili halikutoka kiwandani. Limepigwa marufuku."

"Tangu lini, bwana?" Wakesho akauliza.

"Tangu sasa. Likateni au mbaki hapa."

"Na mto?"

"Wote mtapita mto mmoja. Hiyo ndiyo haki."

"Haki ya kuzama pamoja. Haya."

Mwandawiro alichukua msumeno akalikata mwenyewe, maana hakutaka mkono wa mtu mwingine uguse gari lake.

Alasiri alikuwa mbele ya wote. Akafika mtoni, maji yamevimba, akaingia. Injini ikanywa maji, ikazima katikati. Waliomfuata wakazima nyuma yake mmoja mmoja, mpaka mto ukafanana na gereji. Mwisho likaja gari la Bwana Halden, nalo likazima. Akapanda juu ya paa, suruali chapachapa.

"Mto huu umetuharibia mashindano," akalalamika.

Wakesho alikuwa juu ya paa lao, amekunja miguu kama yuko barazani.

"Aliyekata pua asilaumu mto, bwana."

Ukingo mzima ulicheka. Kisha tukaleta kamba za ng'ombe tukavuta, tukianza na gari letu.

"Na mimi?" Bwana Halden akauliza.

"Wote mtavutwa kwa kamba moja," akajibiwa. "Ngoja zamu."

Mwandawiro alifungua plagi, akamwaga maji, akakausha, akawasha. Alifika Voi, kituo cha mwisho, muda umekwisha, na kombe mwaka ule halikupewa mtu. Wenye mashindano walitunyima, na sitawasamehe. Lakini letu lilikuwa gari pekee lililoingia mjini likinguruma lenyewe, tope hadi vioo, kisiki cha bomba kikionekana wazi. Watu walitoka madukani wakasimama, wazee wakavua kofia. Bwana Halden aliletwa jioni, nyuma ya trekta, na watoto wa Voi waliokuwa wamekwisha kusikia habari walimpokea kwa sauti moja: aliyekata pua asilaumu mto.