Watawala Watatu Wasiomaliza Mwezi

— Enyi mlioketi, nitoe nisitoe?
— Toa!
— Nikitoa mtapokea?
— Kwa mikono miwili!

Basi pokeeni. Hapo kale, kale ya mababu wa mababu, wanyama walipokuwa wakisema na kupiga kura, palikuwa na bonde lenye chemchemi moja. Bonde hilo lilikuwa na baraza la viti thelathini. Sheria yao ilikuwa fupi: anayetaka kutawala chemchemi sharti awe na viti kumi na sita. Akipungukiwa na kimoja, hatawali.

Nyati alitawala miaka mingi. Nyati akinywa, wengine husubiri. Nyati akioga, wengine husubiri. Nyati akilala majini, wengine husubiri na kiu yao.

Mwaka mmoja ukaja ukame. Maji yakapungua, lakini Nyati hakupunguza kuoga. Vifaranga wawili wa Kanga wakajisogeza ukingoni wapate tone. Nyati akageuka bila kutazama chini. Kanga akaja mbio. Akaokota manyoya.

Uchaguzi ulipofika, Nyati akapata viti kumi na vitatu. Ngiri akapata tisa. Punda Milia akapata vitano. Kanga akapata vitatu. Hakuna aliyefika kumi na sita.

Ngiri akamwendea Kanga. Ngiri hakuwa msemaji. Uso wake ulijaa vinundu, meno yamepinda nje, na macho yake madogo hayakuonyesha kama amefurahi au amenuna.

"Bi Kanga," akasema, "mimi na wewe hatupatani. Wewe wataka kila mmoja anywe kwa zamu. Mimi nasema anayechimba anywe kwanza. Lakini Nyati hatumtaki sote. Au siyo?"

"Ndiyo, Bwana Ngiri."

"Basi tuungane, mimi, wewe na Punda Milia. Tisa, vitano, vitatu. Kumi na saba."

Wakaungana. Wakaapa mbele ya baraza mara tatu. Ngiri atachimba kisima kipya chini ya mwamba. Punda Milia atalinda njia. Kanga ataita zamu za kunywa. Wanyama wakashangilia, na Kanga akashangilia nao. Lakini alipomtazama Ngiri pembeni, akasema moyoni, "Huyu ni mchimbaji. Anayejua kuchimba anajua kuficha."

Hapo ndipo shaka ilipotaga yai lake la kwanza.

Punda Milia hakumtia wasiwasi. Punda Milia alikuwa mcheshi. Kila asubuhi alipita kumsalimu: "Dada Kanga, umeamkaje? Watoto je?" Kanga akampenda kwa kucheka kwake.

Na Nyati? Nyati alijilaza kichakani kando ya njia. Hakupiga kelele. Hakutisha mtu.

Siku ya saba Kanga akapita hapo.

"Bi Kanga, hujambo?"

"Sijambo."

"Nimemwona Ngiri ana tope bichi mgongoni. Zamu yake ya maji si jioni? Tope hilo kalilowesha kwa maji gani? Mimi sisemi neno. Nauliza tu."

Kanga akaenda kutazama. Kweli, Ngiri alikuwa na tope bichi mgongoni. Kanga akafungua mdomo amwulize, kisha akaufunga. Akamwendea Punda Milia.

Punda Milia akacheka. "Dada, usimwulize! Ukimwuliza atajua tunamchunguza. Wewe tazama tu."

Siku ya kumi na nne Kanga akapita tena.

"Bi Kanga, kisima si kinachimbwa upande huu wa mwamba?" akasema Nyati. "Mbona Ngiri huzunguka upande wa pili peke yake? Mimi sisemi neno. Nauliza tu."

Kanga akaenda upande wa pili wa mwamba. Akaona udongo mpya umerundikwa. Akataka kupita, lakini Ngiri akatoka, akasimama katikati ya njia.

"Bado," akasema Ngiri. "Utaona ukifika wakati."

"Kuna nini huko?"

"Bado, nimesema."

Kanga akarudi akiwaza. "Bado" ni neno la nani? La mwenye deni au la mwenye hila! Tangu siku ile, Ngiri akikohoa, Kanga alisikia hila. Ngiri akinyamaza, Kanga alisikia hila mbili.

Siku ya ishirini na nane akapita mara ya tatu.

"Bi Kanga, kesho barazani Ngiri ataomba siku tisa zaidi," akasema Nyati. "Siku tisa za kuchimba, au siku tisa za kuhamisha maji? Mimi sisemi neno. Nauliza tu."

Kesho yake baraza likakaa. Ngiri akasimama. "Wenzangu, kisima hakijakamilika. Nipeni siku tisa."

Tisa! Kanga akaruka juu ya kiti chake. "Nilijua! Siku tisa za kutuibia! Naondoa viti vyangu vitatu!"

Kumi na saba ukitoa vitatu ni kumi na vinne. Serikali ikaanguka palepale, kabla jua halijafika utosini. Haikumaliza hata mwezi.

Ndipo Punda Milia akasimama, anacheka kama kawaida yake. Akachukua viti vyake vitano, akavipeleka upande wa Nyati. Kumi na vitatu na vitano, kumi na vinane.

"Punda Milia!" Kanga akapiga kelele. "Ulikuwa naye tangu lini?"

"Tangu siku ya kiapo, Dada. Nyati ameniahidi kunywa wa pili baada yake. Lakini mimi sikuvunja kitu. Aliyevunja ni wewe."

Kanga akakimbia mpaka nyuma ya mwamba. Safari hii hakuna aliyemzuia. Akakuta mfereji mwembamba unaotoka upande wa kisima, umepangwa mawe. Kwato ya nyati isingeweza kuingia humo. Kando yake palikuwa na vidato, vifupi, vifupi, vinavyoshuka mpaka chini. Ngiri alikuwa amekaa juu ya udongo.

"Vidato hivi vya nani?" akauliza Kanga.

"Vya wenye miguu mifupi," akasema Ngiri. "Wasisogee tena karibu na kwato."

"Na tope la mgongoni?"

"Nilikuwa nimefikia unyevu. Zilibaki siku tisa kuyafikia maji."

Kanga akaketi chini. "Mbona hukuniambia, Bwana Ngiri?"

Ngiri akasema, "Nilidhani wewe ni mpelelezi wa Nyati. Kwamba unaita zamu mchana, kisha unampelekea habari zetu."

"Nani alikuambia uongo huo?"

"Hakuniambia. Aliniuliza tu."

Amri ya kwanza ya Nyati ilikuwa kufukia kisima. Ndugu zake wakakikanyaga mpaka pakawa tambarare, na mfereji nao, na vidato navyo. Punda Milia akaenda kushika nafasi yake ya pili. Nyati akanywa. Nyati akaoga. Nyati akalala majini. Punda Milia akasubiri ukingoni, na safari hiyo hakucheka.

Ngiri na Kanga wakahama bonde, wakavuka vilima kutafuta pengine pa kuchimba. Kanga aliondoka na vifaranga saba. Alifika na wanne. Huko Ngiri akapiga magoti akaanza upya, na Kanga akasimama juu ya kichuguu.

"Unachimba nini hapo?" akaita kwa sauti, kila mtu asikie.

"Maji!" akajibu Ngiri.

"Siku ngapi?"

"Kumi na mbili!"

"Haya, chimba!"

Mpaka leo kanga hawezi kutembea kimya. Huita, huita, huita. Wasiojua husema anapiga kelele. Anauliza.

Wasikilizaji wangu, kumshuku mwenzio si kosa, macho tulipewa yatazame. Lakini ukimshuku, mwulize yeye mwenyewe, usoni pake. Ukiulizia kwa adui yake, utajibiwa, na jibu hilo ndilo litakalokubomolea nyumba.

— Ngano nimeitua chini. Mmeibeba?
— Tumeibeba!
— Iliyo tamu mgawane, iliyo chungu kila mtu ameze yake.
— Tumemeza!