Nyama ya Balungi

Ndugu zangu, na nyinyi mama zetu mlio nyuma ya pazia, leo nitakuingizeni jikoni. Wanaume msicheke. Mambo mengi yanayotubomolea nyumba huanzia kwenye meko, na sisi tunaosubiri kuletewa sahani ndio wa mwisho kujua.

Kulikuwa na mama mmoja mjane, akikaa nyumba moja na wanawe wawili wa kiume, kila mmoja na mkewe. Mke wa mwana mkubwa tumwite Mize. Mke wa mdogo tumwite Raya. Msianze kutafuta jirani mwenye jina hilo, majina haya nimeyabuni njiani nikija.

Mize alikuwa mpishi hasa. Aliolewa angali binti, na mama mkwe ndiye aliyemfundisha kukata nyama, kuibanja kwa mchi na kuikaanga ikalainika. Sikukuu watu wakila wakauliza nani kapika, yule mama hujibu, "Mkono wa mwanangu huo." Hasemi mkwe wangu. Anasema mwanangu. Nyinyi mlioolewa mbali na kwenu mnajua neno hilo lina utamu gani.

Kisha mama akashikwa na jongo. Kidole gumba cha mguu kikavimba, hata shuka likimgusa anauma meno. Daktari akamwambia nyama basi, aiache kabisa. Sasa mtu aliyekula nyama maisha yake yote, leo analetewa mchicha. Mize alipika kisamvu, akapika kunde za nazi, mama anakula tonge mbili anasema ameshiba. Akakonda mpaka bangili zikawa zinamvuka mkononi.

Hapo ndipo Raya alipomkumbuka baba yake. Mzee huyo alisomea Kuba ujanani, na alikuwa akiwahadithia wanawe kwamba nyama ilipoadimika kule, mama mwenye nyumba aliyopanga alikuwa akipika ganda la balungi likaliwa kama nyama. Raya akampigia simu, akaulizia kila kitu, akaingia jikoni. Alimenya ile ngozi ya nje yenye rangi akaitupa, akabakisha lile ganda jeupe nene lililo laini kama sifongo. Akalichemsha, akamwaga maji, akalikamua, akalichemsha tena na tena hadi uchungu ukatoka. Akalilaza katika maji ya ndimu na chungwa, pamoja na thomu iliyotwangwa na bizari nyembamba. Halafu akalichovya kwenye uji mzito wa unga wa dengu, akaligaragaza katika chenga za mkate mkavu, akakaanga, na juu akamwagia vitunguu vilivyolainikia mafutani.

Mama akamaliza sahani. Akauliza, "Raya, nyama gani hii unanipa? Daktari akisikia je?"

"Si nyama, mama. Ni balungi."

Mama akacheka. Nyumba ile ilikuwa imesahau kicheko chake. Akamgeukia jirani aliyekuja kumjulia hali, akamwambia, "Mkono wa mwanangu huo."

Mize alikuwa mlangoni, ameshika birika la chai. Alisikia.

Ndugu zangu, mtu akikutukana unaweza kushtaki. Utashtaki kwa nani kwamba mwenzako kasifiwa? Mize hakuwa na pa kwenda. Akaanza kusikiliza ukutani ajue mama anamwita nani kwanza. Watoto wa nyumba ile wakidai lile balungi, wao wakiliita nyama ya Kuba, yeye huwafokea. Akaacha kumpelekea mama chakula, akawa anaingia chumbani kwake kufagia tu na kutoka. Siku moja akamwambia mumewe, "Mama analishwa maganda na wewe unaangalia."

Mumewe akamjibu, "Lakini anakula, Mize. Wewe hutaki ale?"

Mize akachukua ufagio wake akatoka. Nani kati yetu angemjibu?

Ikatokea msiba kwao Raya. Kabla ya kuondoka alichemsha maganda ya kutosha, akayalaza kwenye bakuli, akamwambia Mize, "Dada, nakuachia mama. Umkaangie haya mpaka nirudi."

"Nenda salama, mdogo wangu," Mize akamwambia.

Raya alipotokomea njiani, Mize akayamwagia kuku yale maganda. Akaenda buchani, akanunua nyama ya ng'ombe. Akaikata nyembamba, akaibanja kwa mchi, akailaza katika ndimu na chungwa, akaivalisha unga wa dengu na chenga za mkate, akakaanga, akamwagia vitunguu. Ungeziweka sahani mbili mbele yako usingejua ipi ni ipi. Nia yake ilikuwa hii: mama atakula, atasifu kuliko siku zote, na Raya akirudi, Mize atamwambia mama mbele ya watu, hicho ulichokisifu ni nyama, na aliyepika ni mimi. Na jongo je? Mize alijiambia, kipande kimoja hakimdhuru mtu. Sikilizeni vizuri hapo, maana wote tuna kipande chetu kimoja.

Akaipeleka sahani mwenyewe. Akakaa kitandani, akamtazama mama akila. Mama akala taratibu mpaka mwisho, akasema, "Mungu akubariki." Basi. Hakusifu wala hakulinganisha. Mize akaona haijatosha, kesho yake akapika tena, na kesho kutwa pia. Kila siku Raya akiwa msibani, mama alikula nyama.

Raya akarudi. Jioni ile ile akamkaangia mama balungi lake. Asubuhi mama hakuweza kushuka kitandani. Mguu umevimba hadi kwenye goti, mwili unachemka homa. Akakimbizwa hospitali, akalazwa, akarudishwa baadaye akiwa amebebwa.

Sasa nani alaumiwe? Mwana mkubwa akasimama uani akasema, "Mama alikuwa mzima wiki nzima ukiwa kwenu. Umerudi jioni, asubuhi yake hakusimama. Maganda yako hayo, Raya. Nenda ukakae kwenu mpaka mama apone."

Mume wa Raya akatazama chini. Raya akaingia ndani akaanza kufunga nguo zake. Na Mize? Mize alinyamaza. Jiko lilikuwa limerudi kuwa lake, kwa kunyamaza tu.

Akaenda kukaa na mgonjwa. Akamwuliza, "Mama, nikupikie nini?"

Mama akamwambia, "Chochote, mwanangu. Ila ile nyama uliyonipa Raya akiwa kwao, usinipikie tena. Mguu wangu hauiwezi."

Mize akauliza, "Ulijua?"

"Mimi ndiye niliyekufundisha kuibanja. Mkono wako nitaukosaje?"

"Sasa kwa nini ulikula, mama?"

Yule mama akasema, "Ulikuwa umenisusa. Huniletei sahani, hukai, ukiingia unafagia unatoka. Siku ile umekuja na chakula, ukaketi ukanitazama nikila. Nikasema moyoni, mwanangu amenirudia. Nikaona nikiikataa sahani yako, utaondoka tena."

Mize akatoka. Uani walikuwapo wote, Raya na furushi lake mkononi. Akasema yote mbele yao: kuku, bucha, mchi, hakubakisha. Mumewe akakaa chini pale pale kwenye ngazi. Mume wa Raya akanyanyua uso kwa mara ya kwanza.

Wakamtazama Raya. Walitegemea atalia, au atamtukana, na angekuwa na haki. Raya akaweka furushi chini, akasema, "Dada, mimi nitakwambia yangu. Watu wananisifu kwamba nilimpigia baba simu kwa kumhurumia mama. Nilimhurumia, ndiyo. Lakini toka nilipoolewa nyumba hii nimekuwa nikisikia mkono wako, mkono wako. Nilitaka siku moja tu mama aulizwe nani kapika, asikutaje wewe."

Kutoka chumbani wakamsikia mama akiugua, Mize na Raya wakakimbilia kwake. Alipona, lakini mguu ule haukurudi kuwa kama zamani. Mpaka leo anatembea kwa kushika ukuta.

Ndugu zangu, mnaona yaliyomfika yule mama? Wanawake wawili wanampenda, na kila mmoja anataka apendwe peke yake, na mguu uliovimba ni wa nani? Sisi tunadhani wivu unamchoma yule tunayemwonea wivu. Raya alibaki na miguu yake. Mize alibaki na miguu yake. Aliyelemaa ni yule waliyemgombania. Ndivyo tunavyofanya. Ndugu wanashindana nani anamtunza baba zaidi, baba anahamishwa nyumba hadi nyumba kama mzigo. Wazazi walioachana wanashindana kupendwa na mtoto, mtoto hajui alale wapi. Hapa msikitini tunashindana nani anaipenda dini zaidi, na watu wanaacha kuja.

Na usiniambie wewe ni Raya. Raya naye alikuwa na wivu, ila wake ulitoka na chakula kizuri ukashukuriwa.

Basi nitakuombeni jambo moja leo. Ukifika nyumbani, nenda kwa yule unayetaka akupende kuliko wote, umtajie jema alilofanya yule mwenzako unayeshindana naye. Ulitaje kwa ulimi wako, na jina lake ulitaje. Litakukwama kooni. Liseme hivyo hivyo.