Nafasi Moja ya Elimu Maalumu

Hapo zamani za juzijuzi, wasikilizaji wangu, wanachuo watatu wa ualimu walipelekwa kwenye shule moja ya milima ya Upare, wafanye mazoezi ya kufundisha kwa wiki kumi. Walikuwa Kashindye, Zawena na Mbonea. Wakakabidhiwa darasa la kwanza.

Darasani mlikuwa na binti wa miaka tisa, Nakijwa, aliyekwisha kulirudia darasa hilo mara mbili. Ukimwita, haitiki. Ukimuuliza, hajibu.

"Huyo mkaidi," mwalimu mkuu aliwaambia. "Wiki kumi zikiisha hajui kuandika jina lake, namrudisha kwao."

Siku ya tatu Kashindye alimwita mara nne. Kimya. Akamchapa. Mtoto akamtazama usoni huku machozi yakimtoka, kama anayetaka kuambiwa kosa lake. Mchana ule Kashindye hakula. Kesho yake akasimama nyuma ya darasa, akaangusha mfuniko wa sufuria sakafuni. Watoto wote wakaruka. Nakijwa aliendelea kuchora.

"Jamani," Kashindye akawaambia wenzake, "mtoto hasikii!"

Chuoni walikuwa wamefundishwa habari za watoto viziwi kwa kipindi kimoja tu. Sokoni kulikuwa na fundi cherehani kiziwi. Kila jioni Zawena akashuka mlima kujifunza kwake lugha ya alama, kila asubuhi akamfundisha Nakijwa. Maandalio yake ya masomo mengine yakalala. Mkaguzi alipokuja, akamfelisha.

Mbonea naye aliona kwamba wakati wa mapumziko Nakijwa hukaa peke yake ukutani. Akajifunza alama kwa Zawena, akawafundisha watoto wote kwa michezo. Haukupita muda, Nakijwa akawa anabishana na wenzake kwa alama za mikono, na kucheka nao.

Wiki ya kumi aliandika jina lake ubaoni. Mama yake, aliyekuwa amekuja kumchukua, aliketi sakafuni akalia.

Ndipo mkuu wa chuo alipofika na nafasi moja ya kusomea elimu maalumu, miaka miwili. Nafasi moja, watu watatu.

Kashindye akasema, "Bila mimi angeitwa mkaidi hadi leo. Na fimbo ile bado inaniuma. Nipelekeni, nisimpige tena mtoto kwa kutojua."

Zawena akasema, "Kujua kwamba hasikii hakukumfundisha hata herufi moja. Mimi nilimpa lugha, nikafeli kwa ajili yake."

Mbonea akasema, "Lugha ya watu wawili ni upweke tu. Mimi nilimpa wenzake. Kesho sisi tunaondoka, wao wanabaki naye."

Mkuu wa chuo akamwomba Zawena amuulize mtoto mwenyewe. Nakijwa akawatazama mmoja mmoja, kisha mikono yake ikauliza, "Atakayeenda kusoma, ndiye atakayerudi kwangu?"

Zawena akawatafsiria wote.

Mkuu akashika kalamu, na fomu ilikuwa na mstari wa jina moja tu. Haya, wenzangu, wote mmewasikia. Je, nani alistahili kuandikwa?